Eti Nyanda za Juu Kusini Ngoma Iko Kwenye Damu? Hebu Tuongee Ukweli

Leo ni ndefu kidogo. Kama umelipia nusu saa ongeza, au soma haraka kabla Tanesco hawajafanya yao.

Kilichonifanya niandike ni simu. Mdogo wangu wa kike, mtoto wa mama mdogo, anaishi Makambako. Amechumbiwa na kijana ambaye kwao ni Pwani, kijana mzuri tu, ana kazi yake. Barua ya posa ilishapokelewa, mshenga ameshakunywa soda zetu, imebaki kupanga tarehe. Ghafla kimya. Mshenga kubanwa na mama mdogo ndio akatoboa: shangazi wa kijana ameweka ngumu. Anasema watu wa Iringa, Njombe na Mbeya "ngoma iko kwenye damu, wanazaliwa na damu dhaifu, ni ya ukoo", na ukioa huko hata mtu akipima akakutwa salama ni suala la muda tu. Mdogo wangu alinipigia analia.

Hasira ilinishika. Lakini nilipotulia nikajiuliza swali ambalo hata nyie najua mmewahi kujiuliza: hivi kwa nini sisi? Kila takwimu zikitoka sisi tuko juu. Na siku hizi redioni kila ugonjwa unaambiwa wamegundua kinasaba chake. Je, inawezekana shangazi ana hoja?

Mimi sio daktari, niseme mapema. Nilimaliza kidato cha nne, Biolojia nilipata C, na darubini ya shule yetu ilikuwa inafungiwa kabatini isije ikaharibika. Ila kusoma najua, na kuuliza siogopi. Nimekaa wiki mbili nasoma ripoti na tafiti, nyingine zimefanyika hapa hapa Mbeya. Haya niliyoyapata.

Kwanza namba, tusizikwepe. Utafiti wa kitaifa wa 2003-04 ulikuta Mbeya na Iringa zote ziko kwenye 13 na ushee kwa kila watu wazima 100, wakati nchi nzima ilikuwa 7. Ule wa 2007-08 Iringa ikawa ya kwanza, 15.7, taifa 5.7. Mwaka 2012 Njombe ikakatwa kutoka Iringa ikawa mkoa wake, na matokeo ya utafiti wa 2011-12 yakaiweka Njombe juu kabisa, 14.8. Wa 2016-17: Njombe 11.4, Iringa 11.3, Mbeya 9.3. Na wa 2022-23: Njombe 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, taifa 4.4, huku Zanzibar hawafiki hata 1. Tafiti hizi mbili za mwisho zimehesabu kuanzia miaka 15 hadi wazee, zile za nyuma ziliishia miaka 49, kwa hiyo usilinganishe namba kwa namba kama matokeo ya mpira.

Halafu kuna kitu watu hawaelewi kabisa. Namba hizo ni za wanaoishi na virusi, sio walioambukizwa mwaka huu. Zamani mtu alikuwa anaumwa, anazikwa, anatoka kwenye hesabu. Leo anameza dawa, analima viazi, anasomesha watoto, na anabaki kwenye hesabu miaka 20 au 30. Mkoa ukitunza watu wake vizuri namba haishuki haraka. Kwa hiyo 12.7 ya Njombe ndani yake kuna maambukizi mapya, ndio, lakini kuna na watu wengi ambao wako hai. Na mwenye virusi anayemeza dawa sawasawa mpaka vipimo havivioni tena, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hilo limeshapimwa kwa maelfu ya wapenzi, sio maneno ya kufarijiana.

Sasa turudi kwenye damu. Ugonjwa ulio kwenye damu ya ukoo kweli kweli unafananaje? Mfano tunao nyumbani: sikoseli, selimundu. Kwenye kinasaba kinachotengeneza sehemu ya hemoglobini kuna herufi moja tu imebadilika. Moja! Chembe nyekundu badala ya kuwa duara inajikunja kama mundu, inaziba mishipa, mtoto analia maumivu ya mifupa. Ukirithi herufi hiyo kwa mzazi mmoja huumwi, unabeba tu. Ukirithi kwa baba na kwa mama, unaumwa. Wakioana wabebaji wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa. Tanzania inakadiriwa wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, tuko kwenye nchi za juu kabisa duniani. Pale Muhimbili Profesa Julie Makani na wenzake wamefuatilia maelfu ya wagonjwa tangu 2004.

Na hapa kuna kisa kitamu. Kuna daktari aliitwa Anthony Allison, alizaliwa Afrika Kusini akakulia Kenya. Kuanzia 1949 alikuwa anazunguka Afrika Mashariki anachukua damu za watu. Akakuta pwani na kuzunguka Ziwa Viktoria wabebaji wa sikoseli wanazidi 20 kwa kila 100, ila sehemu za nyanda za juu na ukame hawafiki hata 1. Akajiuliza kwa nini. Jibu alilolitoa 1954 ni malaria. Mtoto mwenye kinasaba kimoja cha sikoseli malaria haimuui kirahisi, kwa hiyo penye mbu wengi kinasaba hicho kimebaki na kuongezeka vizazi na vizazi. Penye baridi hakikuwa na kazi. Naomba mliweke hili akilini, nitalirudia kabla sijamaliza, shangazi atanisamehe.

Ila ona tofauti. Sikoseli unazaliwa nayo. VVU ni mdudu anatoka nje anaingia. Mtoto anaweza kuambukizwa na mama wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonya, lakini huko ni kuambukizwa, sio kurithi, na mama akitumia dawa anazuia. Kwa hiyo sentensi ya "wanazaliwa nayo kwa ukoo" inafia hapo hapo.

Tusikimbilie kushangilia lakini. Shangazi akiwa mjanja atasema: sawa, hawazaliwi nayo, ila damu yao inaipokea haraka. Hili ndilo swali la maana, na wanasayansi wamelihangaikia kweli.

Kirusi hakiwezi kuingia kwenye seli yoyote tu. Kinatafuta zile chembe nyeupe zinazoongoza kinga, zinaitwa CD4. Kwenye ukuta wa seli hiyo kuna kitasa, ndicho hicho CD4 chenyewe, na kuna komeo la pili linaitwa CCR5. Kirusi lazima kifungue vyote viwili. Mwaka 1996 ikagundulika kuna watu ambao kinasaba chao cha CCR5 kimekatika herufi 32, komeo halipo kabisa, na kirusi cha kawaida kikifika kinakosa pa kushika. Lakini ukitaka zawadi hiyo ikamilike lazima uirithi kwa wazazi wote wawili, na wenye nayo ni Wazungu, hasa wa kaskazini, tena kama mmoja tu kati ya 100. Huku kwetu Afrika haipo, labda kwa mtu mwenye babu Mzungu. Kule Berlin kuna mgonjwa, Timothy Ray Brown, alikuwa na VVU na saratani ya damu. Mwaka 2007 wakampandikiza uboho wa mtu mwenye hitilafu hiyo, wakarudia 2008, virusi vikaisha. Alifariki 2020 kwa ile saratani, sio kwa UKIMWI.

Sasa fikiria. Kama komeo hilo linakosekana kwa Mhehe, linakosekana pia kwa Mzaramo, Mmakonde na Mpemba. Wote tuna makomeo kamili. Wapemba wako chini ya 1 na Wabena juu ya 12 na makomeo ni yale yale. Hii haiwezi kueleza tofauti ya mkoa na mkoa.

Kuna vinasaba vingine, vile vya kundi la HLA, vinavyoamua kinga yako inakionaje kirusi. Wenye aina kama B57 wakiambukizwa baadhi yao hukidhibiti muda mrefu bila dawa. Ila angalia, hiyo inahusu nini kinatokea ukishaambukizwa, na Waafrika wapo wengi wenye aina hizo nzuri.

Na pale Nairobi, mtaa wa Majengo huko Pumwani, kuanzia miaka ya 1980 watafiti, akiwemo Mkanada Frank Plummer, walifuatilia wanawake wanaouza ngono. Wakakuta wachache ambao miaka inaenda, wateja hao hao, na hawaambukizwi. Dunia nzima ikakimbilia huko: hawa wana nini? Baadaye ikaonekana baadhi yao walipopumzika ile kazi kwa muda halafu wakairudia, wakaambukizwa. Yaani kinga yao ilikuwa kama zoezi, ukiacha inalegea. Jiulize, kama ingekuwa ni kinasaba tu, kingeenda likizo?

Basi kama sio vinasaba vyetu, tutazame vya kirusi chenyewe. Hapa ndipo Mbeya inapoingia kwenye vitabu vya dunia, na nusu yetu tunaoishi hapa hatujui.

Wanaosoma vinasaba vya virusi wamefuata nyayo nyuma mpaka Kinshasa, enzi hizo ikiitwa Léopoldville, miaka ya 1920. Kikatoka hapo kwa reli na kwa mito, na kila tawi likabadilika kivyake. Tawi A na D likatawala upande wa Uganda na Kenya. Tawi C likashuka kusini, Zambia, Malawi, mpaka Afrika Kusini. Sasa chukua ramani uangalie Mbeya iko wapi. Barabara kuu ya Zambia inapita katikati ya mji, TAZARA inapita tangu 1975, Tunduma mpaka wa Zambia, Kasumulu mpaka wa Malawi. Kaskazini na kusini vinakutana Mafiati.

Kuna kituo cha utafiti hapa Mbeya, cha NIMR, tangu miaka ya 1990 kinashirikiana na chuo kikuu cha Munich, Ujerumani. Mwaka 2001 watafiti wa huko, akina Michael Hoelscher na Leonard Maboko (huyu baadaye akawa mkuu wa TACAIDS), walichapisha kwamba virusi vingi walivyovikuta Mbeya ni mchanganyiko wa matawi mawili au matatu. Inakuwaje? Mtu akiambukizwa na tawi C, halafu akapata na tawi A, vyote vikaingia seli moja, wakati wa kunakili vinachanganya. Ni kama umepeleka stesheneri barua mbili kutoa kopi, kijana wa mashine akachanganya kurasa, inatoka barua ya tatu ambayo hakuna aliyeiandika.

Kuanzia 2000 wakafuatilia akina dada wa baa na gesti za kando ya barabara. Waliopimwa mwanzo walikuwa 600, na kati ya kila 100, 68 walikuwa na virusi. Sitini na nane, jamani. Miaka kadhaa wakaenda kituoni kila miezi mitatu kutoa damu. Sisi tunawaita baamedi tukiwa tumewanunia, lakini sehemu kubwa ya kile dunia inachojua kuhusu mtu kuambukizwa mara ya pili kimetoka kwenye mishipa yao. Baadaye Mbeya ikawa kwenye utafiti mwingine pamoja na Kericho, Uganda na Thailand, watu wanatobolewa kidole mara mbili kwa wiki ili kirusi kidakwe siku za mwanzo kabisa. Matokeo ya 2016: virusi hufika kilele kama siku ya 13 tangu vionekane, wakati wengi hata hawajui wameambukizwa, halafu kufikia kama siku ya 31 vinashuka na kutulia. Kwa hiyo zile wiki mbili tatu za mwanzo, mtu yuko fiti, anacheza muziki, ndio wakati anaambukiza kuliko wakati wowote.

Sasa naingia kwenye sehemu iliyonifanya nikae kafe mpaka wakazima taa. Kyela.

Baba yangu mkubwa ana busha. Sio siri, kijiji kizima kinajua, yeye mwenyewe anatania. Kyela ni joto, ziwa, mpunga, maji yanasimama, mbu ni wa kumwaga. Mbu hao wanabeba mnyoo mwembamba kama uzi ambao unaishi kwenye mishipa ya limfu miaka mingi, ndio unaleta matende na mabusha. Lakini wengi wenye mnyoo huo hawavimbi popote. Wanatembea nao tu.

Kati ya 2006 na 2011 kituo kile cha Mbeya kilikuwa kinapima maelfu ya watu wa kawaida, kaya kwa kaya, kwenye maeneo tisa ya mkoa, Kyela ikiwemo. Damu ikahifadhiwa kwenye majokofu. Baadaye wakaitoa ile ya Kyela wakaipima mnyoo. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa nao. Wakachukua wale ambao mwanzoni hawakuwa na VVU, wakaangalia nani aliambukizwa miaka iliyofuata. Wenye mnyoo waliambukizwa VVU zaidi ya mara mbili ya wasio na mnyoo, hata baada ya kuzingatia umri na mienendo ya ngono. Na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa vijana, miaka 14 mpaka 25. Ikachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2016, watafiti ni Inge Kroidl na wenzake, Watanzania na Wajerumani.

Niliisoma mara tatu. Miaka 14 mpaka 25! Huyo ni mimi na wewe.

Kwa nini mnyoo usaidie kirusi? Walipochunguza seli wakakuta mwenye mnyoo ulio hai chembe zake za CD4 ziko macho muda wote, zimeamshwa, kwa sababu kuna mgeni mwilini asiyeondoka. Na kirusi cha UKIMWI kinapenda seli iliyoamka. Seli iliyolala ni nyumba iliyofungwa, kirusi kinaweza kufika kikakosa cha kufanya. Seli iliyoamka komeo liko nje na mashine za kunakili zinawaka. Kwa hiyo vijana wawili, tabia moja, mpenzi mmoja, kosa moja, mmoja ana mnyoo asioujua na mwingine hana, hawana bahati sawa.

Najua mtasema kukutana kwa vitu viwili sio ushahidi kwamba kimoja kinasababisha kingine. Sawa, nakubali. Inawezekana kuna kitu kingine hakikupimwa. Ila mnyoo ulikuwepo kabla ya VVU, na seli zinaonyesha njia. Kwangu mimi hiyo ni kesi nzito.

Na hii inauma kwa sababu dawa za mnyoo zilikuja. Vile vidonge viwili vya mara moja kwa mwaka, ivermectin na albendazole, vinavyogawiwa bure mitaani na kumbe unavikumbuka. Wangapi walivikataa? Nakumbuka kwetu vijana walisema vinapunguza nguvu za kiume, wakavitupa mtaroni. Mimi nilikuwa mmoja wao, siwadanganyi. Walionywa wakameza ndio waliotusaidia, mnyoo Kyela umepungua sana kufikia 2019.

Kuna na suala la tohara, nitapita haraka maana mnalijua. Wanyakyusa, Wahehe, Wabena na Wakinga kwa mila hatukuwa watu wa jando kama pwani. Ngozi ya ndani ya govi ni laini na imejaa zile seli ambazo kirusi kinazitaka. Majaribio matatu, Afrika Kusini 2005, halafu Kisumu na Rakai 2007, yalionyesha mwanaume aliyetahiriwa anapunguza hatari kwa kama asilimia 60. Mwaka 2010 Iringa ilifanya kampeni ya wiki sita, wakatahiriwa zaidi ya 10,000, foleni hadi usiku. Haimkingi mwanamke moja kwa moja, na asilimia 60 sio 100, wale mnaojidai mkishatahiriwa mmevaa chuma acheni.

Ukijumlisha barabara, malori yanayolala Ilula, Makambako na Tunduma, mashamba ya chai na mbao Mufindi na Njombe ambako wanaume wanaishi kambini miezi bila familia, mchanganyiko wa virusi, mnyoo wa Kyela na tohara kuchelewa, unapata picha. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni ukoo. Makomeo yetu ni ya watu wote. Ila mazingira yetu yaliyaacha wazi.

Mtaniuliza na chanjo je. Mbeya tumejitolea kwenye chanjo muda mrefu, ya karibuni ni PrEPVacc, iliyoanza Desemba 2020 na watu 1,512 wa Mbeya, Dar, Masaka na Durban. Novemba 2023 wakasimamisha kuchoma, chanjo haikukinga. Kirusi kinabadilika sana, koti jipya kila siku, kinga ikikariri sura moja kimeshavaa nyingine. Kwa upande wa dawa habari ni nzuri zaidi. Lenacapavir inashika ganda la ndani la kirusi, lile linalobeba vinasaba vyake, kinakwama. Unachomwa kila miezi sita. Kwenye jaribio la Uganda na Afrika Kusini, matokeo ya 2024, wanawake 2,134 walichomwa na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sifuri. Marekani waliipitisha Juni 2025. Mwaka huo huo Januari, Marekani hao hao walisimamisha misaada na kliniki nyingi Afrika zikatetereka. Dawa inayofanya kazi ikifika tukakosa wa kuipeleka Makete, tutamlaumu kinasaba gani?

Sasa yale ya mdogo wangu. Baada ya kusoma haya nilimwambia mama mdogo arudishe ujumbe kwa mshenga kwa heshima zote: tuko tayari binti apime VVU, na kijana apime, wote wawili siku moja. Na kwa vile familia ya mume imetaka kuongea habari za damu na ukoo, basi tuongee kweli: wapime na sikoseli. Maana kwa hesabu ya Allison, kinasaba cha kuulizia hapa kipo zaidi upande wa Pwani kuliko Makambako.

Mshenga alicheka kwanza, halafu akanyamaza, halafu akasema atafikisha. Kijana mwenyewe alikubali bila kusita, akapanda basi akaja.

Majibu yametoka Ijumaa, na wote wameniruhusu kuandika ila majina hapana. VVU, wote hawana. Sikoseli, mdogo wangu hana kabisa. Kijana anabeba kinasaba kimoja, na alikuwa hajui maisha yake yote. Kwa kuwa mdogo wangu hana, watoto wao hawawezi kuzaliwa na ugonjwa huo, labda baadhi watabeba kama baba yao, na watajua mapema kabla ya kuoa.

Tarehe imepangwa baada ya mavuno. Shangazi bado hajaambiwa, na kwa bahati nzuri haingii kafe.